Nyasi bandia au nyasi asilia: tathmini kwa wanaojenga uwanja wa jamii

Kamati nyingi za michezo huanza mjadala huu pabaya. Mezani pana picha ya kapeti jipya la nyasi bandia, kijani kibichi, mistari imenyooka. Nje pana uwanja walio nao: vumbi mbele ya magoli, tope mvua ikinyesha, magugu pembeni. Kapeti hushinda kabla mtu hajatoa hoja. Lakini hapo kinacholinganishwa ni kapeti lililogharimiwa na udongo uliotelekezwa. Haki ni kulinganisha kapeti lililotandikwa vizuri na kutunzwa, na nyasi zilizopandwa kwenye udongo ulioandaliwa, zikamwagiliwa, zikapewa mbolea na zikapumzishwa.

Tathmini hii inapima vyote viwili kwa mizani hiyo, kwa uwanja wa soka wa mita 105 kwa 68, yaani mita za mraba 7,140. Hukumu yetu ni hii. Uwanja unaotumika chini ya saa 20 kwa wiki, wenye jua la kutosha na maji ya uhakika, uwekewe nyasi asilia. Fedha ziende kwenye mchanga, mifereji na mshahara wa mtunzaji. Uwanja ulio mmoja tu kwa watu wengi, unaochezwa kila jioni hadi usiku chini ya taa, saa 40 na kuendelea, hauwezi kubebwa na nyasi asilia hata utunzwe vipi. Huo uwekewe kapeti, mradi akiba ya kulibadilisha ianze kutengwa mwaka ule ule linapotandikwa. Kati ya saa 20 na 40 ndipo penye kazi ya kufikiri, na sehemu kubwa ya maandishi haya ni kwa ajili ya wenye viwanja hivyo.

Hesabu saa kwanza

Chukua wiki moja ya msimu wenye shughuli nyingi uandike kila kitu: mechi, mazoezi, vipindi vya shule, mabonanza, pia watoto wanaoingia bila ratiba baada ya saa za masomo. Hao wa mwisho husahaulika, na mara nyingi ndio wanaotumia uwanja kuliko timu zote zilizosajiliwa.

Kisha tazama ni saa za aina gani. Saa moja ya watoto wa miaka saba wenye raba miguuni hailingani na saa moja ya timu ya wakubwa yenye njumu. Mazoezi nayo huchakaza kuliko mechi. Kwenye mechi wachezaji 22 husambaa uwanja mzima. Kwenye mazoezi kocha hupanga koni kwenye kona moja, watu ishirini wanakimbia na kugeuka palepale kwa saa moja na nusu, na kesho yake wanarudi kona ileile kwa sababu ndiyo iliyo karibu na taa au na lango. Kocha akikubali kuhamisha koni kila siku, nyasi hupata nafuu kubwa bila gharama yoyote.

Nyasi zilizoota juu ya udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji hubeba saa 4 hadi 6 kwa wiki, basi. Nyasi hizohizo juu ya mchanga wenye mifereji hubeba 15 hadi 20. Ukoka chotara kwenye hali ya joto na jua la siku nzima unaweza kufika 25, kwa kuwa unatambaa na kuziba majeraha yake wenyewe. Kapeti zuri hubeba 40 hadi 60. Tofauti kati ya 5 na 20 inatokana na udongo, na hapo ndipo kamati nyingi zinapokosea: huona nyasi zimekufa zikahitimisha kwamba nyasi haziwezi, kumbe kilichoshindwa ni ardhi iliyo chini yake.

Mvua ndiyo inayoamua zaidi ya jua. Uharibifu mwingi hutokea siku chache ambazo ardhi imelowa chapachapa. Ukikanyaga na maji yakachuruzika pembeni mwa soli, uwanja ufungwe siku hiyo, hata kama timu ya wageni imeshafika. Udongo uliolowa ukikanyagwa hujishindilia, vitundu vya hewa hufungwa, mizizi hukosa oksijeni, na nyasi hugeuka njano siku kadhaa baadaye, wakati ambapo jua limetoka na kila mtu analilaumu jua.

Kapeti: unachonunua hasa

Nyasi bandia za kwanza zilipata umaarufu mwaka 1966 zilipotandikwa ndani ya Astrodome mjini Houston, na jina la AstroTurf likabaki midomoni mwa watu hadi leo. Zilikuwa nailoni fupi na ngumu. Kizazi cha pili kilijazwa mchanga. Klabu ya Queens Park Rangers ya London ilitandika kapeti mwaka 1981 na kuling'oa mwaka 1988, baada ya miaka ya malalamiko kuhusu michubuko na mpira kudunda kama uko sakafuni. Linalouzwa leo kwa ajili ya soka ni kizazi cha tatu: nyuzi za polithini zenye urefu wa milimita 40 hadi 60, mchanga chini kwa ajili ya uzito, na punje laini juu yake kwa ajili ya mguu na mpira. Punje hizo mara nyingi ni raba ya matairi yaliyosagwa.

Kapeti lenyewe ni sehemu ndogo ya uwanja. Kutoka chini kwenda juu mambo hukaa hivi: ardhi huchimbwa sentimita 30 hadi 40 na kushindiliwa, hutandikwa kitambaa cha kuchuja ili udongo usipande kwenye kokoto, hulazwa mabomba yenye matundu, kipenyo cha milimita 80 hadi 100, juu yake kokoto zilizopondwa na kuoshwa vumbi, sentimita 20 hadi 30, kisha changarawe ndogo sentimita 3 hadi 5 ya kusawazisha, halafu pedi ya kufyonza kishindo, na mwisho kapeti. Ukijumlisha mita 3 za usalama kila upande, eneo la kutandika linakuwa mita 111 kwa 74, yaani mita za mraba 8,214. Kwa kilo 15 za mchanga na kilo 12 za raba kila mita ya mraba, hizo ni takriban tani 123 za mchanga na tani 99 za raba. Hesabu hiyo ikumbukwe, maana siku moja tani hizo itabidi ziondolewe.

Pedi ndiyo ya kwanza kukatwa bajeti inapobana, nasi tunaona hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote katika ununuzi huu. Bila pedi, ulaini wote wa uwanja unategemea kina cha raba, na raba haitulii mahali pamoja. Ikiwepo pedi, raba inayohitajika hupungua, uwanja hubaki salama hata punje zikihama, na pedi nzuri huishi kuliko kapeti la kwanza ikahudumia na la pili. Ni afadhali kununua kapeti la nyuzi fupi za milimita 40 juu ya pedi kuliko la milimita 60 juu ya kokoto tupu.

Sakafu ya changarawe ikaguliwe kwa ubao mnyoofu wa mita 3 kabla kapeti halijaletwa. Ulaze ubao kila upande. Mwanya chini yake usizidi milimita 10. Kapeti halifichi bonde, hulifuata. Palipobonyea maji yatatuama, raba itakusanyika, na mpira utakengeuka pale pale kila siku.

Mistari ya kuungia ni jambo jingine la kusimamia kwa macho. Kapeti huja kwa mizingo yenye upana wa mita 4, kwa hiyo uwanja mmoja una zaidi ya kilomita mbili za maungio ukijumlisha na mistari nyeupe iliyopachikwa. Gundi ikipakwa asubuhi yenye umande au jioni mvua ikinyemelea, itashika juujuu na kuachia ndani ya msimu. Kagua kwa kuingiza vidole na kuvuta kwa nguvu, mita chache chache, kabla mchanga haujamwagwa. Ukishamwagwa hakuna atakayeona.

Mchanga uwe wa silika, wenye punje za mviringo, uliooshwa na kukaushwa. Mchanga wa ufukweni wenye vipande vya makombe husagika, ukawa unga, ukaziba njia ya maji. Humwagwa kwa tabaka nyembamba, kila tabaka likifuatiwa na brashi, na nyuzi ziwe kavu. Fundi anayemwaga wote kwa mkupuo mmoja hulaza nyuzi chini ya mchanga, na nyuzi iliyolala hainyanyuki tena.

Kuhusu vyeti, soma kwa makini. FIFA ina daraja la FIFA Quality, lililokusudiwa viwanja vya matumizi mengi ya jamii, na FIFA Quality Pro la mechi za kulipwa. Cheti cha kwanza hudumu miaka 3, cha pili mwaka 1. Daraja la jamii hutaka, pamoja na mengine, mpira uliodondoshwa kutoka mita 2 urudi juu kati ya sentimita 60 na 100. Wauzaji hupenda kuonyesha matokeo ya maabara, nayo hueleza tu kwamba kapeti la aina hiyo linaweza kufaulu. Cheti chenye maana kwako ni cha vipimo vilivyofanyika juu ya uwanja wako baada ya kutandikwa.

Linalochakaa, na kwa nini

Usemi kwamba kapeti halihitaji matunzo ni uongo, na unawagharimu watu sana. Brashi ipite kila wiki, au kila baada ya saa 10 za matumizi kwenye uwanja wenye shughuli nyingi. Brashi pana huvutwa na trekta dogo, taratibu, na mwelekeo hubadilishwa kila safari. Mara moja au mbili kwa mwaka ujazo, yaani ule mchanga na raba, hulegezwa kwa mashine yenye meno, uchafu ukachujwa na punje zikarudishwa.

Tazama doa la penalti. Kila mpigaji huchimba punje kwa ncha ya mguu wa kusimamia. Kufikia mwisho wa wiki yenye mazoezi mengi pana kishimo ambacho jicho halikioni, lakini ukizamisha rula unakuta raba imebaki milimita chache juu ya mchanga. Hapo nyuzi hazina kitu cha kuziegemeza. Zinalala, zinapasuka urefu kama uzi unaochambuka, kisha zinakatika. Dawa ni ndoo ya raba na reki, dakika kumi baada ya kila siku ya mazoezi: mwaga, sugua, kanyaga. Fanya vivyo hivyo kwenye mstari wa golikipa na kwenye vibendera vya kona. Nyuzi zilizo huru juu ya ujazo ziwe kama milimita 15 hadi 20. Zikizidi sana hapo, raba imepungua.

Mahali penye vumbi jingi pana shida ya pekee. Vumbi laini huingia kati ya punje, huloa, hukauka, na kugeuka ganda gumu. Uwanja unakuwa mgumu kama barabara na maji hayashuki. Kisha magugu huota pembezoni. Kama jirani pana barabara ya udongo, panda ua mnene upande unaotoka upepo na uweke njia ya kokoto au zege mbele ya lango ili viatu vijipanguse kabla ya kuingia. Katazeni pia bazoka, sigara na njumu ndefu za chuma. Maganda ya karanga yanasumbua kuliko watu wanavyodhani: hayatoki kwa brashi, husagika na kujiunga na lile ganda.

Joto na mwili wa mchezaji

Nyasi hai hutoa mvuke na kujipoza. Plastiki na raba nyeusi hupokea jua na kulishikilia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young nchini Marekani walimwagia maji kapeti lililokuwa na joto la nyuzi 79 za Selsiasi. Likashuka hadi 29. Dakika 5 baadaye lilikuwa 49, na dakika 20 baadaye 73. Kwa hiyo bomba la maji linaokoa mwanzo wa mechi tu. Palipo na jua kali, uwanja wa kapeti kwa watoto saa za mchana ufungwe. Hesabu yako ya saa 60 kwa wiki ipunguzwe kabla hujaitumia kutetea ununuzi. Punje za rangi nyepesi na zile za koki, yaani gome la mti linalotengenezewa vizibo vya chupa, husaidia, ila hazifanyi kapeti liwe baridi kama nyasi.

Kuhusu majeraha, kuna uchunguzi wa NFL, ligi ya soka ya Kimarekani, wa misimu ya 2012 hadi 2016 uliokuta majeraha ya miguu yakizidi kwa asilimia 16 kwenye nyasi bandia. Kwenye soka matokeo hutofautiana, na tafiti nyingi hukuta jumla ya majeraha ikikaribiana. Linaloeleweka vizuri zaidi ni namna yanavyotokea: kapeti halitoi pande la udongo mguu unapogeuka. Nyasi asilia huchanika, zikaokoa goti. Kapeti hushika, nguvu ikapanda kwenye kifundo na goti. Ndiyo sababu viatu vya kapeti vina vijino vingi vifupi. Mchubuko wa kuteleza nao uoshwe mara moja kwa maji na sabuni na kufunikwa, kwani ngozi iliyoungua kwa msuguano hupokea vijidudu haraka. Pamoja na hayo, uwanja wa udongo wenye mashimo na mawe huvunja vifundo vya miguu kuliko kapeti lolote, na kuuacha hivyo kwa jina la uasilia si kumtendea mema mtoto yeyote.

Raba

Punje za matairi zina zinki na kemikali nyingine za kiwandani. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha miligramu 20 kwa kilo kwa jumla ya kemikali nane za jamii ya PAH (hidrokaboni ambazo baadhi yake huweza kusababisha saratani) ndani ya punje hizi, na mwaka 2023 ukapitisha kanuni inayopiga marufuku kuuza ujazo wa plastiki ndogondogo kuanzia Oktoba 2031. Anayenunua leo mahali popote aelewe maana yake: bidhaa hii inaondoka kwenye soko lake kubwa, na wauzaji watatafuta pa kumalizia shehena zao. Ulizia matokeo ya kipimo cha PAH kwa shehena ile inayoletwa kwako, isiwe karatasi ya jumla ya kiwanda.

Punje hutoka uwanjani kwa viatu, kwa soksi, kwa brashi na kwa mvua. Zuia kwa ubao au ukingo wa sentimita 20 na zaidi kuzunguka uwanja wote, wavu wa kupangusia miguu kwenye lango, na kichujio kwenye kila shimo la maji. Mbadala zipo: koki, nyuzi za nazi zilizochanganywa na koki, na kokwa za zeituni zilizosagwa. Koki ni nyepesi; mvua kubwa juu ya uwanja wenye mteremko zaidi ya asilimia 1 huisomba hadi kwenye uzio. Makapeti yasiyojazwa raba kabisa, yenye nyuzi nzito na mchanga tu juu ya pedi, yanaboreka, nasi tungeyafikiria kwanza kwa uwanja mdogo wa shule.

Nyasi asilia zilizojengwa

Hapa ndipo fedha kidogo huleta mabadiliko makubwa, kama ardhi itapewa heshima yake kabla ya mbegu.

Anza na umbo. Katikati pawe juu kuliko pembeni kwa asilimia 1. Kwa nusu ya upana wa mita 34 hiyo ni sentimita 34, ambazo mchezaji hatazihisi lakini maji yatazifuata. Chimba mitaro myembamba kila mita 5 hivi, laza bomba lenye matundu, jaza changarawe hadi juu. Kisha mchanga wa sentimita 10 hadi 15 uwanja mzima. Kwa sentimita 12 ni takriban mita za ujazo 857. Ndiyo gharama kubwa kuliko zote upande huu, na ndiyo inayokupandisha kutoka saa 5 hadi 20. Punje nyingi za mchanga ziwe kati ya robo milimita na milimita 1. Upime kwa chupa: tia mchanga nusu, jaza maji, tikisa, acha usiku kucha. Tope linalotua juu liwe utando tu. Likiwa na unene wa kidole, kataa lori.

Wasiomudu mchanga wote wasichanganye kidogo na mfinyanzi wakidhani wamepata nusu ya faida. Mchanganyiko huo hukauka kama tofali. Njia nzuri ni ya polepole: toboa ardhi kwa mashine ya pini zenye uwazi hadi sentimita 10, mara 2 hadi 4 kwa mwaka, na kila mara tandaza mchanga wa milimita 5, yaani kama mita za ujazo 36. Matundu yanajaa mchanga, maji yanapata njia, na miaka michache baadaye una uwanja mwingine bila kuufunga msimu mzima.

Kwa nchi za joto, ukoka ndio nyasi ya kwanza kufikiriwa: aina chotara kama Tifway 419 au TifTuf hutambaa juu na chini ya ardhi na hupona haraka. Haivumilii kivuli, ikikosa jua la saa 6 kwa siku inakuwa nyembamba, hivyo upande wa jukwaa au miti mikubwa utabaki tatizo. Penye maji ya chumvi, paspalamu ya pwani ndiyo sahihi. Kwa nchi za baridi, raigrasi ya kudumu huota haraka ila haitambai, kwa hiyo huhitaji kupandwa tena na tena palipochakaa.

Chotara hizi hazitoi mbegu. Hupandwa kwa vipande vya shina vyenye vifundo viwili au vitatu, mistari sentimita 15 hadi 20, nusu ya kipande ikiwa nje. Pitisha rola, kisha mwagilia kidogo mara kadhaa kwa siku kwa wiki mbili za kwanza. Kwenye joto zuri uwanja hufunga ndani ya wiki 8 hadi 12. Ukinunua mabapa ya nyasi zilizokwisha kuota, uliza yametoka udongo gani. Bapa la mfinyanzi likilazwa juu ya mchanga wako mzuri hukaa kama mfuniko: maji hayashuki, mizizi haishuki, na kazi yote ya chini inakuwa bure.

Baada ya hapo ni utaratibu. Ukoka ukatwe milimita 25, na ukatwe unapofika 37, ili usiondoe zaidi ya theluthi ya jani. Wakati wa kukua hiyo ni mara mbili kwa wiki. Visu viwe vikali. Kisu butu hupasua ncha, uwanja ukaonekana mweupe kwa mbali kana kwamba una kiu. Mabaki yaliyokatwa yaachwe, ni mbolea.

Maji ya milimita 25 kwa wiki ni lita 178,500. Hilo litazamwe kwa macho makavu: pasipo na kisima, tangi au mvua ya kutegemewa, nyasi asilia hazina hoja. Mwagilia mara 2 au 3 kwa wiki hadi chini, usiku wa manane au alfajiri. Kunyunyiza kidogo kila siku hufundisha mizizi kukaa juu. Panga makopo uwanjani upime kila kinyunyizio kinatoa kiasi gani. Kisha chomeka bisibisi ndefu: ikizama sentimita 15 bila kuhangaika, maji na hewa vinafika.

Naitrojeni gramu 5 kwa mita ya mraba kila mwezi wa kukua ni kama kilo 78 za yurea kwa uwanja mzima. Zigawe mara mbili, tandaza jani likiwa kavu, mwagilia papo hapo. Potasiamu huongeza uvumilivu wa kukanyagwa. Fosforasi iwekwe kwa kufuata kipimo cha udongo tu, wala si kwa mazoea.

Mbele ya magoli nyasi zitakwisha, hakuna namna. Kinga ni magoli ya kuhamishika na mistari inayosogezwa mita kadhaa kila msimu, pamoja na kitalu cha mita za mraba 50 hadi 100 kando ya uwanja, chenye nyasi ileile juu ya mchanga uleule. Palipochakaa palegezwe kwa jembe uma, pawekwe mapande kutoka kitaluni, pashindiliwe, pazungushiwe kamba. Uwanja wote nao upewe mapumziko ya wiki 6 hadi 8 kwa mwaka, wakati nyasi zinakua kwa nguvu. Kupumzisha wakati wa ukame mkali hakuponyi kitu.

Nyasi za mseto, ambamo nyuzi za plastiki hushonwa sentimita 20 kwenda chini kati ya nyasi hai, ni za viwanja vyenye wataalamu wa kudumu. Kwa jamii isiyo na mtunzaji wa kila siku hazifai.

Miaka 20 mbele

Kapeti huishi miaka 8 hadi 12. Ndani ya miaka 20 utalinunua mara mbili, na mwishoni utakuwa unafikiria la tatu. Gharama zake huja kwa mafungu makubwa. Za nyasi huja kila mwezi, ndogondogo. Wafadhili hupenda mafungu makubwa yenye uzinduzi, na ni nadra kumpata anayelipia mafuta ya mashine ya kukatia nyasi. Ndiyo maana kuna viwanja vingi vyenye kapeti la mwaka wa 14, maungio yameachia, raba imekwisha, ardhi ngumu, na hakuna senti ya kulibadilisha. Gawa bei ya kapeti kwa 10 uweke kiasi hicho kila mwaka kwenye akaunti isiyoguswa kwa jambo lingine. Kamati isiyoweza kuahidi hilo kwa maandishi isinunue kapeti.

Kwa walio kati ya saa 20 na 40, ushauri wetu ni kugawa mzigo: uwanja mkubwa uwe wa nyasi asilia kwa mechi na mazoezi machache, na pembeni kuwe na kiwanja kidogo cha kapeti, mita 40 kwa 20, chenye pedi na taa, kibebe mazoezi ya kila siku na watoto wa jioni. Mita za mraba 800 ni takriban moja ya kumi ya kapeti la uwanja mzima, na huondoa uwanjani zile saa zinazoua nyasi.

Mkataba wa kapeti useme haya: malipo ya mwisho yatolewe baada ya vipimo vya uwanja kufaulu, dhamana itaje saa za matumizi kwa wiki zilizo sawa na ratiba yako halisi, kwani nyingi hubatilika zikizidi, brashi na mafunzo ya mtunzaji viwe ndani ya bei, mwondoaji wa kapeti la zamani na mahali litakapopelekwa vitajwe. Fundi aache pia mita za mraba 20 za kapeti la shehena ileile, vipande vya mstari mweupe, mkanda wa maungio, na magunia ya raba ya kutosha mwaka mmoja, vyote vikihifadhiwa kivulini. Shehena nyingine haitafanana rangi wala unene, na kiraka chake kitakwaza miguu.